Seva Ikisema "Nipo Hapa", Usizime Ulinzi

Wadau, leo nataka kubishana na jibu moja ambalo limenichosha. Mtu anajaribu kuunganisha JConsole au VisualVM na Tomcat iliyo mbali, inakataa. Anauliza wenzake. Anajibiwa: zima uthibitishaji, zima SSL, fungua faiawoli, washa Tomcat upya. Anapewa mistari hii anakili:

-Dcom.sun.management.jmxremote.port=9010
-Dcom.sun.management.jmxremote.authenticate=false
-Dcom.sun.management.jmxremote.ssl=false

Mistari hii imezunguka kwa miaka mingi, na wengi wetu tuliipokea kutoka kwa mtu aliyeipokea kutoka kwa mtu. Mimi nasema ni jibu baya, tena baya mara mbili. Mara nyingi halitibu ugonjwa wenyewe. Halafu mgonjwa akishapona kwa njia nyingine, dawa hii inabaki mwilini.

Kwa wale ambao hawajawahi kugusa mambo haya, niwawekee msingi kidogo. Programu ya Java ikiwa inaendeshwa ina kitu kinaitwa JMX. Ni kama dirisha la kuchungulia ndani: kumbukumbu imejaa kiasi gani, nyuzi ngapi zinafanya kazi, miunganisho ya hifadhidata imebaki mingapi. Tangu Java 5, mwaka 2004, dirisha hilo limo ndani ya Java yenyewe, na JConsole ilikuja nayo. VisualVM ikafuata, ikawa inapakiwa pamoja na JDK kuanzia mwaka 2008 hadi Java 9 ilipoitoa ijitegemee. Vyote viwili ni bure na vinafaa sana. Ukiwa umekaa kwenye mashine yenyewe vinashika bila neno. Taabu inaanza ukiwa mbali.

Na sisi wa huku Kwale mara nyingi tuko mbali.

Watu hudhani Java ya kwenye seva ni mambo ya benki za Nairobi. Si kweli. Java imekaa kwenye vituo vya afya vya pwani hii muda mrefu. DHIS2, mfumo ambao nchi inatumia kukusanya takwimu za afya, ni programu ya Java iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Mwaka 2011 Kenya iliusambaza nchi nzima kupitia seva moja kuu, na majaribio yake yalifanyika huku Mkoa wa Pwani, watu wakitumia modemu za simu. OpenMRS nayo, ambayo mizizi yake ni Eldoret miaka ya 2004 hadi 2006, ni Java juu ya Tomcat. KenyaEMR imejengwa juu ya OpenMRS, na kwa kawaida seva yake inakaa ndani ya kituo chenyewe, si Nairobi wala Ulaya. Ni kompyuta ya Ubuntu kwenye kona ya chumba cha rekodi, na feni inazunguka.

Sasa mfano. Kituo kimoja upande wa Msambweni, sitakitaja, kina seva ya aina hiyo. Kila asubuhi, foleni inapokuwa ndefu, mfumo unaanza kuburuta miguu. Kufikia saa nne unasimama kabisa. Watu wametoka Vanga na Lunga Lunga kwa matatu ya alfajiri, mama ana mtoto mgongoni, na karani hawezi kufungua faili lake kuona alipewa dawa gani mara iliyopita. Wanarudi kwenye karatasi. Jioni mtu mmoja anabaki kuingiza karatasi zote kwenye kompyuta, na kila anayejua kazi hiyo anajua makosa huingia hapo.

Mama wa rekodi alikuwa akinipigia simu. "Mwanangu, mashine imelala tena, na watu wamejaa hapa."

"Pole mama, iwasheni upya kwanza. Nitaiangalia."

Lakini kuiangalia vipi kutoka Ukunda? Kuwasha upya si kuangalia. Nilitaka kuona kumbukumbu inavyopanda kuanzia saa mbili mpaka saa nne, siku ya kliniki, bila kukaa kwenye kiti cha karani. Njia ya mtandao kati ya laptopu yangu na seva ilikuwepo tayari. Ping inajibu. SSH inaingia. Mlango 9010, na nikisema mlango nina maana ya ile namba ambayo programu husikiliza, nikiujaribu kwa nc unafunguka. VisualVM inakataa.

Nikamwambia rafiki yangu wa Mombasa, fundi mzuri tu, ana vyeti ukutani. Jibu lake: "Weka false kote, fungua milango yote kwenye faiawoli, itashika."

Ngoja kwanza. Kama mlango 9010 unafunguka, faiawoli inahusika vipi? Na kama shida ingekuwa neno la siri, ningeambiwa neno la siri si sahihi. Kwenye logi ya VisualVM kulikuwa na mstari huu:

java.rmi.ConnectException: Connection refused to host: 127.0.1.1

Soma hiyo anwani tena. Anwani zote zinazoanza na 127 maana yake ni "mashine hii hii". Laptopu yangu ilikuwa inabisha hodi mlangoni kwake yenyewe, inajikataza yenyewe kuingia, halafu inakuja kunilalamikia mimi!

Kisa chake ni hiki. JMX ya mbali inatumia RMI, na RMI haikupeleki moja kwa moja. Mlango 9010 ni kama askari wa geti. Unamwambia unayemtaka, yeye anakupa kikaratasi kilichoandikwa: nenda anwani fulani, mlango fulani. Ndipo unaondoka getini na kufuata kikaratasi. Anayeandika kikaratasi ni seva yenyewe, na inaandika anwani inayoamini ni yake. Itaijuaje? Inajiuliza jina lake, kisha inatafuta jina hilo kwenye faili /etc/hosts. Debian na Ubuntu zikisakinishwa huandika humo mstari wa 127.0.1.1 mbele ya jina la mashine. Kwa hiyo seva inajibu kwa uaminifu kabisa: nipo hapa.

Ni sawa na kumpigia mtu simu ukamuuliza uko wapi, akakwambia "niko hapa". Hapa wapi? Yeye yuko Shimoni chini ya mwembe, wewe uko Ukunda stendi. Kompyuta haina akili ya kuuliza "hapa wapi", inachukua neno jinsi lilivyo na kugeuka kuangalia miguu yake. Ukitaka kujua kama seva yako ina tabia hii, andika hostname -i. Ikirudisha 127.0.1.1, umempata.

Kuna la pili. Hata kikaratasi kikiwa na anwani nzuri, ule mlango wa pili huchaguliwa kwa bahati nasibu kila Java inapowashwa. Leo 38211, kesho 44907. Ndiyo maana watu hufungua faiawoli yote: hawajui mlango upi. Wakati wa Java 6 kulikuwa na sababu ya kulia. Lakini tangu Java 7 sasisho la 4, mwaka 2012, kuna mstari wa kuufunga mlango huo mahali pamoja, jmxremote.rmi.port, na unaweza hata kuupa namba ile ile ya geti. Muongo na zaidi umepita na mapishi bado ni ya kabla yake.

Na la tatu ni letu zaidi. RMI ilikuja na Java 1.1 mwaka 1997, wakati watu walifikiria mashine zilizo kwenye jengo moja, kila moja na jina lake kamili na anwani isiyobadilika. Huku kwetu seva iko nyuma ya modemu. Anwani yake ni 192.168 kitu, ambayo haina maana nje ya ukuta wa kituo. Modemu nayo iko nyuma ya kampuni ya simu, inagawana anwani moja na watu wengi. Stima ikipotea na kurudi, modemu inagawa anwani upya, na ile uliyoandika kwa mkono kwenye java.rmi.server.hostname Jumatatu si yake tena Jumatano. Silaumu waliotunga RMI. Ila ukichukua mapishi ya nyumba yenye jokofu ukayaleta kwenye nyumba isiyo na stima, usishangae samaki akioza.

Haya, turudi kwenye "weka false kote".

JMX si dirisha la kutazama tu, ina mikono pia. Aliyeunganishwa anaweza kubadilisha mipangilio na kuita kazi zilizomo ndani. Mbaya zaidi, kwenye Java 8, ambayo bado ipo kwenye seva nyingi, JMX isiyo na uthibitishaji inamruhusu mgeni kuagiza msimbo wake mwenyewe kutoka anwani yoyote na kuuendesha ndani ya seva, kwa kitu kinachoitwa MLet. Kiliondolewa kwenye Java 23, mwaka 2024. Nyaraka rasmi za Java zenyewe zinasema wazi kwamba ukizima ulinzi huo, yeyote anayejua jina la mashine na namba ya mlango anaweza kuidhibiti programu yako. Kwa hiyo false mbili hizi maana yake ni kumpa mpita njia kiti cha mwenye nyumba. Na mwenye nyumba huyu ameshika majina, namba za simu, na hali za kiafya za majirani zetu. Msambweni watu wanajuana. Hali ya mtu ya VVU ikivuja pale inafika sokoni kabla ya adhuhuri.

Rafiki yangu akaniambia, "Lakini nani atakuja kushambulia zahanati ya Msambweni?"

Hakuna anayeitafuta Msambweni, hilo ni kweli. Programu za kupekua mtandao hazijui hata jina hilo. Zinabisha kila mlango wa kila anwani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, na wakaonyesha kompyuta moja yenye laini ya gigabiti moja inaweza kupekua anwani zote za IPv4, zaidi ya bilioni nne, ndani ya dakika 45. Akasema tena, "Lakini modemu imeficha seva." Leo, sawa. Kesho wanaletewa faiba yenye anwani ya wazi, na hakuna atakayekumbuka mistari iliyoandikwa miaka mitatu nyuma na fundi aliyeshahama. Na waifai ya kituo je? Kila mwenye neno la siri lake, na neno hilo limebandikwa ukutani, tayari yuko ndani.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na ikitokea uvujaji unaohatarisha wahusika, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Nenda kamweleze Kamishna kwamba uliweka false kwa sababu VisualVM ilikuwa inakataa.

Sasa jibu langu ni lipi. Ni kuacha kupigana na lile neno "hapa" na kulifanya liwe kweli. Seva inataka kusema nipo hapa? Mwache aseme. Mimi ndiye nitakayehakikisha hapa pangu ni hapa pake, kwa handaki la SSH. Kwenye bin/setenv.sh ya Tomcat:

CATALINA_OPTS="$CATALINA_OPTS \
-Dcom.sun.management.jmxremote.port=9010 \
-Dcom.sun.management.jmxremote.rmi.port=9010 \
-Dcom.sun.management.jmxremote.host=127.0.0.1 \
-Djava.rmi.server.hostname=127.0.0.1 \
-Dcom.sun.management.jmxremote.ssl=false \
-Dcom.sun.management.jmxremote.authenticate=true \
-Dcom.sun.management.jmxremote.password.file=/etc/jmx/siri \
-Dcom.sun.management.jmxremote.access.file=/etc/jmx/ruhusa"

Halafu kwenye laptopu:

ssh -N -L 9010:127.0.0.1:9010 fundi@seva

Kisha VisualVM unaiambia localhost:9010. Inabisha geti, inapewa kikaratasi cha 127.0.0.1, inageuka kwenye miguu yake kama kawaida, na safari hii handaki lipo hapo hapo. Hakuna mlango mpya kwenye faiawoli. SSL nimeizima kwa sababu SSH tayari inafunika kila kitu, lakini neno la siri nimeliacha, maana kuna watu wengine wanaoingia kwenye mashine ile.

Angalieni mistari miwili ya katikati, hapo watu wengi huchanganya. java.rmi.server.hostname inabadilisha kinachoandikwa kwenye kikaratasi tu. Haizuii Java kusikiliza kwenye anwani zote za mashine. Anayezuia ni jmxremote.host, na amekuja na Java 8 sasisho la 102, mwaka 2016. Ukiweka wa kwanza bila wa pili utadhani umefunga ilhali umebadilisha kibao cha mlangoni tu.

Mitego midogo, haraka haraka. Faili la maneno ya siri lisomwe na mtumiaji anayeendesha Tomcat peke yake, chmod 600, la sivyo Java inagoma kuwaka. Kwenye faili la ruhusa mpe msomaji readonly, hahitaji zaidi. Na tumia CATALINA_OPTS, si JAVA_OPTS, kwa sababu JAVA_OPTS inasomwa pia na shutdown.sh: inawasha Java nyingine ndogo inayotaka mlango 9010 huo huo, inakuta umeshikwa, inakufa, na Tomcat haizimiki. Nimeona watu wakichomoa waya ukutani kwa sababu hii.

Kama seva iko nyuma ya modemu na huifikii kwa SSH, iache yenyewe ikupigie. Kodisha seva ndogo ya nje, halafu kutoka kituoni seva ya Java ifungue handaki la kurudi nyuma kwa ssh -R, au weka WireGuard, ambayo imo ndani ya Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Mimi ya kituo kile ni WireGuard. Stima ikirudi nayo inarudi, haijali modemu imepewa anwani gani.

Wanaotumia WildFly, ile iliyokuwa ikiitwa JBoss AS, wao hadithi yao ni tofauti. Hawapitii RMI hii. Wanapita mlango 9990 kwa remote+http, na JConsole ya kawaida haiijui lugha hiyo, kwa hiyo tumia jconsole.sh iliyo kwenye bin ya WildFly yenyewe. Ukiichukua ilivyo, usimamizi wake unasikiliza 127.0.0.1 tu, na kuingia kutoka mbali kunataka mtumiaji uliyemtengeneza kwa add-user.sh. Watu hulalamika kwamba ni usumbufu. Mimi nawapigia makofi.

Na kituo kile? Nilipoweza kuchungulia, asubuhi moja ilitosha. Tomcat ilikuwa imepewa kumbukumbu ya megabaiti 512 kwenye mashine yenye gigabaiti 8. Kila siku ya kliniki, saa tatu na nusu, mtu alikuwa anaendesha ripoti kubwa ya mwezi. Mstari wa kumbukumbu unapanda, unagonga dari, Java inabaki kufagia takataka bila kupumzika, na kila karani anasubiri. Tukaongeza kumbukumbu hadi gigabaiti 3, na mama wa rekodi akaihamisha ripoti mpaka saa kumi jioni. Hakuna msimbo uliobadilishwa hata mstari mmoja. Rafiki yangu wa Mombasa anasema hata kwa njia yake ningeliona hilo. Asingeliona: false zake zote zingewekwa, na VisualVM ingeendelea kubisha hodi kwake.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wewe uliyewahi kunakili ile mistari, kwenye seva ya hoteli Diani, ya SACCO, ya shule, popote, ingia leo uandike:

ss -ltnp | grep java

Tafuta namba ya mlango wako wa JMX. Ukiona 127.0.0.1 kando yake, kunywa chai yako. Ukiona nyota au 0.0.0.0, na unakumbuka uliweka authenticate=false, chai isubiri.